Msahihishaji Alipohamia Upande wa Mizani

Siku ya mtihani wangu wa vitendo, nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu katika masomo ya tamthilia na ngoma, watazamaji wangu wote waliondoka kabla onyesho halijafika nusu. Hawakuondoka mmoja mmoja kama watu waliochoka. Walihama kwa pamoja, wanawake na watoto wao mgongoni, wazee na vigoda vyao mkononi, wakavuka uwanja wa gulio hapo Bariadi na kwenda kusimama upande wa pili wakiwa wamenipa migongo. Mwalimu aliyetoka Dar es Salaam kuja kunisahihisha aliwafuata, kalamu ikiwa bado mkononi.

Nitaeleza kwa mpangilio ilivyokuwa, maana nimeshaisikia ikisimuliwa ovyo na watu ambao siku ile hawakuwepo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto. Nyumbani tulilima pamba na mahindi, na mpunga kidogo pale mvua ilipokubali. Barua ya chuo ilipofika, baba alinitaka niisome kwa sauti mbele ya wageni wawili wa kanisani, kwa sababu alitaka wasikie neno ualimu. Halikuwemo.

“Sanaa za maonyesho ndiyo kitu gani?” aliuliza.

“Michezo ya kuigiza, baba. Na ngoma.”

“Ngoma ipi?”

“Zote.”

Wageni waliangalia chini. Baba alikunja barua vizuri, akairudisha kwenye bahasha yake, akasema, “Hapa Bariadi nani hajui kucheza mpaka apelekwe Dar es Salaam?”

Hata hivyo aliniruhusu. Nilipanda lori la marobota ya pamba hadi stesheni ya Malampaka, na kutoka pale treni.

Chuoni tulisomea ngoma katika ukumbi wenye sakafu ya mbao, miguu mitupu, tukihesabu moja hadi nane kisha kurudi moja. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mpole, msemaji wa Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba sisi tuliotoka Usukumani tulikuwa tunajipanga kabla ya kumjibu. Muhula wa pili alitufundisha bugobogobo, ngoma ya jembe, ile ile ambayo mjomba wangu aliiongoza kila baada ya mavuno umbali wa hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Alinisimamisha mbele ya darasa.

“Binti yangu, mabega yako yanachelewa.”

“Mwalimu, kwetu yanachelewa hivyo hivyo.”

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha akaniambia nirudie, safari hii yasichelewe. Nikarudia. Nilipata alama nzuri kwa kuicheza ngoma ya kwetu kama mtu wa Tanga.

Lakini somo lililonishika kabisa lilikuwa la ukimya. Mwalimu alitufundisha kwamba kundi la wachezaji linaweza kusimama ghafla katikati ya ngoma, bila sauti wala mtikisiko, na kukaa hivyo mpaka mtazamaji aanze kusikia pumzi yake mwenyewe. Tulilifanya zoezi hilo ukumbini alasiri moja. Mwenzetu mmoja kutoka Iringa alitokwa na machozi, na hakuweza kueleza kwa nini. Mimi niliandika kwenye daftari langu kwamba nimeona jambo kubwa, nikapigia mstari mara mbili. Tangu siku hiyo sikuandaa kazi yoyote isiyo na ukimya ndani yake.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa kurudi kwenye jamii yake, akae na kundi la wenyeji, waandae onyesho pamoja, na msahihishaji asafiri kwenda kuliona. Palikuwa na fomu ya alama. Kipengele kilichobeba alama nyingi kuliko vyote kiliandikwa hivi: “Mwitikio wa hadhira tangu mwanzo hadi mwisho.” Anayefeli vitendo alirudia mwaka mzima, na mwaka ule ndio chuo kilitangaza kwamba anayerudia atajigharamia mwenyewe. Nilimweleza baba jambo hilo jioni niliyofika nyumbani.

“Ngoja nielewe,” alisema. “Serikali ilikuchukua hapa, ikakupeleka Dar es Salaam kukufundisha ngoma, sasa imekurudisha hapa uje kuiangalia?”

“Kuiongoza, baba.”

“Sawa. Ila sikiliza. Ng'ombe ninauza kwa mtu anayekwenda kusoma. Siuzi ng'ombe ili mtu arudie kucheza.”

Kwa hiyo nilijua. Nisipofaulu siku ile, chuo kimekwisha.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ndiye aliyekuwa manju wa kundi la mtaani kwetu, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuvuka bonde, na alinipokea kwa heshima ambayo sikuizoea. Mimi nilipiga magoti kumwamkia, “Mwadila,” naye akaitikia, kisha akawageukia wachezaji na kuwaambia, “Huyu ni msomi wa ngoma. Atakachosema tutafanya.”

Walifanya kweli. Kwa wiki tatu walifika kila asubuhi kabla ya kwenda shamba kuchuma pamba ya mwisho. Niliwapanga kwa mistari. Niliwafundisha kuhesabu hadi nane, jambo ambalo wapiga ngoma walilikataa kistaarabu kwa kunihesabia kwa sauti huku wakipiga walivyopiga siku zote. Mgogoro wa kweli ulikuja tulipofika kwenye ukimya.

“Hapa,” niliwaambia, “mnasimama wote. Majembe juu. Ngoma inakata. Hakuna anayetikisika.”

“Kwa muda gani?” mjomba aliuliza.

“Mpaka niinue mkono.”

“Na watu watakuwa wanafanya nini?”

“Watafikiri.”

“Watafikiri nini?”

“Kila mtu atafikiri lake, mjomba. Ndiyo sanaa yenyewe.”

Alikaa akijifuta jasho. “Mwanangu, sisi tukisimama uwanjani, maana yake tumeshindwa.”

Nalisikia neno hilo mpaka leo. Wakati ule nililichukulia kama hofu ya mtu asiyezoea jukwaa, nikamweleza tena kuhusu pumzi ya mtazamaji, na nadhani nilitumia hata neno dhana. Mpiga ngoma mmoja alimwambia mwenzake, “Dar es Salaam kuna joto sana,” na wakacheka kwa upole. Mjomba alikubali kwa sababu alikwisha kusema mbele ya watu kwamba watafanya nitakachosema.

Hapa inabidi nieleze jinsi ngoma inavyoshindaniwa kwetu, kwa ajili ya msomaji asiyetoka Usukumani. Makundi mawili hayapokezani. Yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake, na hakuna mwamuzi. Mtazamaji yuko huru kutembea. Anayevutwa huku anakuja huku, akichoshwa anahamia kule, na mwisho wa siku kundi lililobaki na watu ndilo lililoshinda. Haya nilikuwa ninayajua tangu utotoni kama ninavyojua njia ya kisimani. Sikuyahusisha na mtihani wangu kwa sababu katika mtihani wangu nilipanga kundi moja tu.

Siku moja kabla ya mtihani, mchana, lori jipya lilisimama kwenye gulio. Mwaka ule serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi wa pamba. Miaka yote tuliuza kwa chama cha ushirika, kwenye mizani moja, kwa karani mmoja aliyekuwa na tabia ya kuiita pamba yetu fifi, yaani ya daraja la chini, hata ilipokuwa safi kama maziwa. Sasa walikuja watu wenye mashati mapya na mizani inayong'aa, wakishindana kumwita mkulima “bosi”. Huyu wa lori jipya alikuwa na mbinu zaidi. Alikuwa amekodi kundi la ngoma kutoka Bukundi, kule Meatu, lije kucheza kando ya mizani yake ili kuwavuta wenye pamba. Nao walikuja na bugobogobo.

Nilikimbia kwa mjomba.

“Wameweka mizani upande wa pili wa uwanja wetu! Watacheza kesho, saa ile ile!”

Mjomba aliinuka kwenye kigoda, uso umemng'aa. “Kweli? Watu wa Bukundi?” Akamgeukia mkewe. “Umesikia? Kumbe kesho kutakuwa na ngoma!”

“Mjomba, ni mtihani.”

“Ndiyo. Lakini sasa utakuwa na maana.”

Nilikwenda gesti aliyofikia mwalimu wetu yule wa Tanga, ambaye ndiye aliyepangiwa kunisahihisha, kuomba tuahirishe. Nilimkuta ukumbini akila matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, pamoja na mwenye gesti, mfanyabiashara wa mjini ambaye tayari alikuwa anamwita “shehe wangu”. Mwalimu alinisikiliza, akasema basi lake linaondoka kesho kutwa alfajiri na mwanafunzi mwingine anamsubiri Musoma. “Usihangaike, binti yangu,” alisema. “Sauti za jirani ni sehemu ya mazingira.” Mwenye gesti aliahidi kuleta kiti chenye mito ili mgeni asikae kwenye kigoda.

Kesho yake watu walijaa mapema. Walitoka Bariadi mjini na vijiji vya jirani, wengi wakiwa wameleta pamba kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe. Baba alikuwepo pia, lakini si kwa ajili yangu. Alikuwa kwenye foleni ya mizani mpya na magunia yake, na alichagua kusimama akiangalia mizani.

Mwalimu alikaa kwenye kiti chake chenye mito, fomu juu ya goti. Tulianza sisi. Sitajisifu nikisema mwanzo ulikuwa mzuri, kwa sababu haukuwa wangu, ulikuwa wa mjomba. Aliingia na sauti, kundi likamfuata, majembe yakapanda na kushuka kama mkono mmoja, vumbi likainuka. Watu walitubana kila upande. Bukundi walianza dakika chache baadaye na walikuwa na watazamaji wachache tu, wengi wao wakiwa wenye magunia ambao wasingeweza kuacha foleni. Niliona mwalimu anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo ikafika zamu ya ukimya. Nilishusha mkono kama tulivyopanga. Ngoma ikakata. Wachezaji wakasimama, majembe juu, bila kupepesa. Ulikuwa ukimya kamili kuliko wowote nilioupata kule ukumbini, na kwa kitambo kidogo nilihisi kwamba nimefanikiwa.

Bibi mmoja mbele yangu alivunja ukimya ule. Aliwaangalia wachezaji, akaangalia upande wa pili ambako ngoma ilikuwa inaita, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza kwamba sufuria limechemka, “Hawa wamesalimu amri.”

“Mapema hivi?” mwenzake alishangaa.

“Si unaona wamesimama?”

Wakaondoka. Nyuma yao uwanja mzima ukaondoka. Hapakuwa na zomeo wala dharau, ila mzee mmoja alipita akampa mjomba mkono wa pole. Mwalimu alibaki kwenye kiti akigeuza shingo huku na huku, mpaka yule bibi aliporudi na kumshika mkono.

“Mgeni, inuka. Hapa kumekwisha.”

“Lakini mama, mimi ninasahihisha…”

“Utasahihisha kule. Utachelewa bure.”

Na alikwenda. Kiti chenye mito kilibaki kitupu, na mbuzi mmoja akakisogelea.

Wachezaji wangu walikuwa bado wamesimama, majembe juu, kwa sababu sikuwa nimeinua mkono. Mikono yao ilianza kutetemeka. Mjomba alizungumza bila kugeuza kichwa.

“Msomi.”

“Naam, mjomba.”

“Wameshafikiri. Sasa tufanye nini?”

Nilisema neno moja tu, ambalo halikuwemo kwenye mpango niliouwasilisha chuoni. “Chezeni.”

Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Walivunja mistari yangu yote. Mjomba aliwatukana watu wa Bukundi kwa wimbo aliokuwa anautunga pale pale, juu ya wanaume waliotembea kutoka Meatu kuja kuchezea mizani ya mtu kwa sababu mashamba yao wamewaachia wake zao. Majembe yalirushwa hewani na kudakwa nyuma ya mgongo. Mpiga ngoma mkuu aliikumbatia ngoma, akalala nayo chini na kuendelea kupiga akiwa chali. Nilichukua jembe la mchezaji aliyeteguka kidole, nikaingia. Mabega yangu yalichelewa kama yalivyotaka.

Bukundi walijibu. Manju wao, jamaa mrefu wa kifua wazi, aliimba kwamba amesikia Bariadi siku hizi wanachezea karatasi, wanangoja mtoto wa shule ainue kidole. Hata watu wetu walicheka. Umati ulianza kutembea, nusu ukarudi kwetu, robo ukaenda tena kule, wengine wakasimama katikati ya uwanja wakigeuza vichwa. Karani wa mizani aliacha kupima.

Katika vurugu ile nilimwona baba. Alikuwa wa tatu kutoka mbele kwenye foleni aliyosimama tangu asubuhi. Aliniona na jembe. Alisita, akamwambia jambo mtu wa nyuma yake, kisha akavuka uwanja kuja upande wetu, akasimama mstari wa mbele mikono nyuma kama yuko kanisani. Mtu wa nyuma yake alichukua nafasi yake bila huruma. Baba alilalamikia nafasi ile kwa miaka.

Mwalimu hakurudi. Nilimtafuta kwa macho kila nilipogeuka. Mara ya mwisho nilimwona upande wa mizani, shati nje, fomu ameikunja ndani ya mfuko, anajaribu kurusha jembe huku manju wa Bukundi akimsahihisha mabega.

Jua lilipoanza kushuka makundi yote mawili yalisimama kwa uchovu. Sisi tulisema tumeshinda. Bukundi walisema wameshinda. Mwenye mizani alisema hajanunua pamba ya kutosha na hataleta ngoma tena. Mwalimu alinipa mkono, vumbi hadi kwenye nyusi.

“Ahsante sana, binti yangu. Ahsante sana.”

“Na fomu, mwalimu?”

“Nitaijaza njiani.”

Basi lilimchukua alfajiri. Matokeo niliyakuta Dar es Salaam mwezi uliofuata: nilikuwa nimefaulu, na vizuri. Kwenye nafasi ya maoni alikuwa ameandika hivi: “Ukimya wa mwanzo ni mrefu mno. Hata hivyo, wazo la makundi mawili yanayojibizana, na hadhira kuhamishwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, ni ubunifu mkubwa wa mwongozaji. Sehemu ya mizani ni bora kuliko zote.”

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kisha nikaenda ofisini kwake nikiwa nimeazimia kusema ukweli. Alinikaribisha, akaniuliza habari za mjomba na za yule bibi, halafu akasema, “Wale wa upande wa mizani, ulikaa nao kwenye mazoezi kwa muda gani?”

“Sikukaa nao sana, mwalimu,” nilijibu.

Alinitazama juu ya miwani. Akacheka kidogo, akarudi kwenye karatasi zake. Nilisema ahsante, nikatoka, nikafunga mlango.

Nilihitimu. Mjomba alichinja beberu, na baba alisimama mbele ya wageni wale wale wa kanisani akawaambia kwamba mwanawe ana shahada ya ngoma, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Maoni ya mwalimu sikumwonyesha mtu yeyote Bariadi. Watu wa Bukundi wakijua, watakuja kudai nusu ya shahada, na sina hakika kama nitakuwa na la kuwajibu.

Mwalimu alistaafu, akarudi Tanga. Mwaka jana nilipata anwani yake kwa mwanafunzi wake mwingine, nikamwandikia nikimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na mwishoni nikamwuliza swali moja: siku ile alidhani pande zote mbili zilikuwa zangu, au alijua? Barua ilipokelewa, hilo nimehakikishiwa. Jibu bado halijaja.